Mkasi wa Video Tuushike Wenyewe

(Yafuatayo ni mazungumzo ya mwandishi wa gazeti hili mbele ya walimu na watumishi wa Serikali waliokutana Kyimo, Wilaya ya Rungwe.)



Ndaga fijo kwa kunikaribisha, na kwa chai ya Rungwe ambayo nimeinywa vikombe viwili kabla ya kusimama hapa. Nimeombwa nizungumzie programu za akili mnemba ambazo hupewa kanda ndefu ya video, zikaitazama, zikatoa ndani yake vipande vifupi vinavyodhaniwa kuwa ndivyo muhimu, na kuvitengeneza katika maumbo mbalimbali: kimoja cha simu, kingine cha televisheni, kingine cha darasani. Najua wengi wenu mmekwisha kuzitumia. Wengine mmeviona vipande vyake tu, bila kujua vilivyokatwa. Naomba nianze na jambo lililonipata mwenyewe papa hapa, maana ndilo lililonifanya niukubali mwaliko huu.

Msimu uliopita wa viazi, bwana shamba mmoja alikuwa akiwafundisha wakulima wa jirani na hapa namna ya kupambana na ukungu wa viazi mviringo. Nilikuwapo, nikalipiga picha somo zima kwa simu. Lilichukua dakika 47. Usiku ule nikaitia kanda hiyo katika programu mojawapo, nikaiagiza initolee vipande vitatu vya dakika moja moja, vya kusambaza kwa wakulima kwa njia ya simu. Kabla chai yangu haijapoa, vipande vilikuwa tayari, vimesimamishwa wima ili viujaze uso wa simu, na maneno yameandikwa chini kwa herufi kubwa za manjano.

Cha kwanza kilikuwa pale pampu ilipovuja ikamrushia bwana shamba maji usoni na watu wakaangua kicheko. Cha pili kilikuwa pale alipopaza sauti kueleza kipimo cha kuchanganya dawa katika pampu ya lita 20. Cha tatu kilimwonyesha kijana mmoja akijisifu kwa magunia aliyoyavuna mwaka jana. Nilifurahi. Nilikaribia kabisa kuvituma.

Kilichonizuia ni kumbukumbu ya dakika ya 38. Wakati ule mama mmoja wa makamo, aliyekaa nyuma kabisa, aliuliza kwa Kinyakyusa na kwa sauti ya chini: baada ya kupiga dawa hii, yapite mangapi, siku ngapi, ndipo viazi vichimbwe kwa kula na kuuza? Bwana shamba hakujibu papo hapo. Aliinama, akaokota pakiti ya dawa, akaifuta tope, akasoma kibandiko polepole. Kisha akaeleza kwamba kila dawa ina siku zake, kwamba siku hizo zimeandikwa, na kwamba asiyejua kusoma amwite mtoto wa shule amsomee kabla ya kufungua pakiti. Hakuna aliyecheka wala kupiga makofi. Watu walinyamaza wakisikiliza, na baadhi yao wakatazamana, kwa sababu walikuwa wamekwisha kuchimba.

Programu ilipita juu ya dakika zile kama gari linavyopita kituo kisicho na abiria. Laiti ningekituma kile kipande cha pili peke yake, ningekuwa nimewafundisha watu kuchanganya sumu na kuwaficha siku ambayo chakula chao kinakuwa salama. Na kosa hilo, ndugu zangu, lingekuwa langu.

Yafaa basi tufahamu mashine hii inachagua kwa kufuata nini. Kwanza huyageuza maneno yanayosemwa kuwa maandishi. Halafu programu nyingine, iliyofundishwa kwa maandishi mengi, huyasoma na kuyapa alama: hapa pana mvuto, hapa hapana. Pamoja na hayo hupima ukubwa wa sauti, vicheko, makofi, na mabadiliko ya nyuso. Mwisho huutafuta uso wa anayesema na kuuweka katikati, ili picha pana ya televisheni iweze kukatwa ikawa nyembamba bila msemaji kutoka nje.

Njia hiyo ina mahali pake. Mwaka 2017, katika mashindano ya tenisi ya Wimbledon, kampuni ya IBM ilitumia akili mnemba kukusanya matukio makuu kwa kuchanganya kelele za watazamaji, ishara za wachezaji na takwimu za mchezo wenyewe. Katika tenisi, kama katika kandanda, kelele ni shahidi mwaminifu. Umati unaponguruma, jambo limetokea. Lakini mwalimu yeyote aliyemo humu anajua kwamba darasani mambo huwa kinyume. Wanafunzi wanapopiga kelele mara nyingi hakuna kinachoendelea, na wanapoelewa huwa kimya. Mashine iliyolelewa uwanjani imeletwa darasani, nasi tunashangaa kwamba inatafuta magoli.

Kuna na suala la lugha. Programu ya Whisper, ambayo ni mojawapo ya zile zinazotumika sana kugeuza sauti kuwa maandishi, ilitolewa mwaka 2022 baada ya kufundishwa kwa saa 680,000 za sauti. Katika hizo, saa 438,000 zilikuwa za Kiingereza kilichoandikwa kwa Kiingereza. Lugha nyingine 96 ziligawana zilizobaki bila usawa wowote, na fungu la Kiswahili lilikuwa dogo mno. Kinyakyusa hakimo kabisa katika orodha. Nilipoyafungua maandishi ya kanda yangu, swali la yule mama lilikuwa limegeuzwa kuwa mfuatano wa maneno ya Kiswahili yasiyo na maana. Kwa programu inayosoma maandishi hayo, mama yule hakuuliza kitu. Aliguna tu.

Hata pale lugha inapoeleweka, mtindo wa kusema hauheshimiwi. Programu hizi zimezoeshwa kuamini kwamba jambo zito husemwa katika sekunde za mwanzo, kwa ukali, ili mtazamaji asiondoke. Mzee wa huku hasemi hivyo. Ataamkia, atauliza habari za nyumbani, atazunguka mlima, na lile alilokusudia ataliweka mwishoni, pengine katika neno moja la "lakini". Mashine huikata salamu kwa sababu inachelewesha, na huikata "lakini" kwa sababu dakika imekwisha. Nimewahi kuona kipande cha mkutano wa kijiji ambamo mzee anaonekana akiliunga mkono jambo ambalo, katika kanda kamili, alilikataa.

Isidhaniwe kwamba kukata na kugawa habari katika maumbo mbalimbali ni jambo geni kwetu. Mwaka 1935, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Mwingereza Notcutt na wenzake walianza kutengeneza filamu za elimu za kuonyeshwa vijijini kwa gari. Sauti waliiweka katika sahani za santuri, pembeni ya picha, ili picha zile zile ziweze kusemewa kwa lugha tofauti. Kiufundi lilikuwa wazo zuri. Walioamua Mwafrika aone nini na aelezwe nini walikuwa wengine.

Mwaka 1973 tulifanya wenyewe, na tulifanya vizuri zaidi. Katika kampeni ya Mtu ni Afya, viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa, na wananchi wapatao milioni mbili wakakaa katika vikundi vya kusikiliza redio, juma kwa juma, kwa majuma 12. Wazee waliomo humu wanayakumbuka. Somo lilikuwa moja: malaria, kuhara, minyoo, maji safi. Lakini lilikuwa na maumbo matatu, na kila umbo lilikuwa na kazi yake. Redio ilitangaza, kitabu kilihifadhi, na kikundi kilibishana mpaka kikaamua choo kichimbwe wapi. Hakuna aliyechukua kitabu akakipunguza tu kuwa dakika kumi za redio. Mtu aliketi, akafikiri: msikilizaji huyu asiyeniona na asiyeweza kuniuliza, nimwambie lipi? Swali hilo ndilo ambalo mashine ya leo haijiulizi. Yenyewe inaona video ndefu na video fupi, basi.

Mfano wa tatu ni wa karibuni zaidi, nao ulizua maneno mengi. Mwezi Januari 2016, Waziri wa Habari wa wakati ule, Ndugu Nape Nnauye, alilieleza Bunge kwamba TBC haitarusha tena moja kwa moja vikao vyake vyote. Sababu iliyotolewa ilikuwa gharama, ambazo zilitajwa kuwa shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka. Badala yake wananchi wangepata kipindi cha usiku cha Leo Katika Bunge, chenye muhtasari wa yaliyojiri. Sina nia ya kuyafufua malumbano yale. Gharama ni jambo la kweli, na mtumishi anayefanya kazi mchana hawezi kutazama kikao cha saa nzima. Lakini na wale waliouliza "nani anachagua?" waliuliza jambo la kweli. Mkulima wa chai aliyetaka kusikia jibu la swali la mbunge wake, alilipata au alilikosa kwa uamuzi wa mhariri. Walau mhariri yule ana jina, ana meza, ana mkubwa wake, na unaweza kumwandikia barua. Programu iliyolikata swali la yule mama nitaiandikia kwa anwani gani?

Sisemi tuzitupe. Mwalimu mwenye wanafunzi 70 darasani na rundo la madaftari mezani hawezi kukaa saa tatu akikata kanda moja. Mimi mwenyewe bado ninaitumia, ila nimebadili zamu. Siku hizi naiomba iniandalie orodha tu: dakika hii pana hili, dakika ile pana lile. Orodha hiyo naisoma nikiwa na daftari nililoandikia siku ya somo, nikaongeza yale iliyoyaruka, ndipo nikachagua. Penye Kinyakyusa naandika tafsiri kwa mkono wangu, au namwomba anayekijua kuniliko. Kazi iliyokuwa ya jioni nzima sasa inanichukua chini ya saa moja. Si haba.

Kadhalika nimejifunza kwamba vipande havilingani. Cha simu, cha dakika moja, kisibebe kipimo chochote cha dawa kama hakikubeba na tahadhari yake. Bora kikose kipimo kabisa na kimwelekeze mtu kwa bwana shamba. Cha darasani kinaweza kufika dakika kumi, na swali la mwanafunzi libaki ndani hata kama limesemwa kwa kigugumizi. Kwa redio hutoa picha yote, na hapo utagundua kwamba maneno kama "fanya hivi" na "kata hapa" hayana maana tena, sharti yasemwe upya. Na kanda kamili isifutwe. Najua simu hujaa. Inunuliwe diski ya akiba kwa ofisi, ikae kabatini pamoja na majalada.

Kuna jambo la sheria ambalo watumishi wa Serikali hatuna udhuru wa kutolijua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na sura ya mtu na sauti yake zimo katika taarifa zake. Nyingi ya programu hizi hazifanyi kazi ndani ya simu yako. Kanda husafirishwa hadi kwenye kompyuta za mbali, pengine ng'ambo, na huko ndiko inakokatwa. Mwalimu anayepakia video ya darasa zima la watoto apate kwanza ridhaa ya wazazi, na Mwalimu Mkuu awe na habari.

Kile kipande cha dakika ya 38 nilikikata kwa mkono. Nilikwenda kwanza kwa yule mama kumwomba ruhusa. Akaniuliza kama nitamwonyesha akiwa na kanga ile ya shambani, nikamwambia ndiyo, akafikiri kidogo, akakubali. Kimekuwa cha dakika mbili na sekunde kumi, kirefu kuliko programu inavyopenda, na ule ukimya wa bwana shamba akifuta pakiti nimeuacha wote.

Ndugu Mwenyekiti, ninavyo vyote hapa katika simu: kanda nzima, vile vipande vitatu vya mashine, na hiki changu. Kama umeme umerudi, tuvitazame, kisha mnihoji.