Nisindikize Hadi Ziwani

Mazungumzo ya asubuhi redioni. Somo: 1 Wafalme 19:1–8

Asubuhi ya leo hatukuja na fundisho kubwa. Tunalo kosa letu la kuungama, na tunayo njia fupi ya kuwaonyesha, mwendo usiofika saa moja kwa miguu kwa wanaokaa mitaa ya Milimani na Nyalenda, mjini Kisumu.

Tuanze na kosa. Katika ushirika wetu yuko ndugu mmoja, mwalimu aliyestaafu, ambaye ametupa ruhusa kuyasema haya bila kumtaja jina. Alimzika mkewe mwezi wa Agosti. Ilipofika Februari alikuwa haji tena kanisani. Jirani wakasema mapazia ya nyumba yake hayafunguliwi, na chakula anacholetewa hurudi nusu sahani. Basi sisi wazee wa kanisa tukaenda kwake, watu watano. Tulimkuta ameketi, na leso ya marehemu ingali imetundikwa kwenye kiti cha pili. Tukaimba, tukasoma, tukaomba kwa zamu. Kisha mmoja wetu akamwambia kwamba mtu aliyeokoka hakai katika huzuni miezi sita. Achunguze moyo wake kama hakuna dhambi iliyojificha. Sisi wengine tukaitikia, "Amina."

Mwalimu akatushukuru kwa heshima, akatufungulia mlango. Jumapili iliyofuata hakuja, wala ile iliyofuata.

Sasa tazameni habari za Elia, nanyi mtaona jinsi tulivyokuwa mbali na Neno tulilolibeba mikononi. Elia alikuwa ametoka Karmeli, mahali pa ushindi mkuu. Mara Yezebeli akamtumia ujumbe wa kumwua, na mtu yule yule aliyesimama mbele ya manabii mia nne na hamsini wa Baali akakimbia. Alipofika Beer-sheba akamwacha mtumishi wake huko, akaingia jangwani peke yake mwendo wa siku moja, akaketi chini ya mretemu, akamwomba Mungu amwondolee uhai.

Mungu alifanya nini? Hakumkemea, wala hakumwuliza imani yake imekwenda wapi. Alimwacha alale. Kisha malaika akamgusa, na kichwani pake palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Elia akala, akanywa, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili, akamgusa, akamlisha, kwa kuwa safari ilikuwa kubwa. Ndipo Elia akasimama akatembea. Yale maswali mazito yalikuja baadaye, huko Horebu, wakati mwili ulikuwa umekwisha kupata nguvu. Sisi wazee watano tulianza na maswali. Hata mkate hatukubeba.

Aliyebeba alikuwa mama mmoja wa ushirika wetu, mwuza samaki, mwanamke asiyepanda mimbarani. Kila siku alfajiri huenda pwani ya Dunga kuwangoja wavuvi. Asubuhi moja aligonga kwa Mwalimu na karai lake kichwani, na chapati mbili katika karatasi.

"Mwalimu," akasema, "nisindikize."

"Mama, sina nguvu."

"Za kufika langoni unazo?"

"Hizo ninazo."

"Basi nifikishe langoni."

Nanyi mwajua desturi ya kusindikizana ilivyo. Mtu hatoki na mgeni akamwacha langoni. Husema, tufike pale kwenye mti, na penye mti husema, tufike pale njia panda. Hivyo ndivyo Mwalimu alivyofika ziwani, akiwa na viatu vya nyumbani miguuni.

Wengi wetu tuliozaliwa karibu na ziwa hili hatulitazami. Twalijua kama maji ya mfereji na samaki wa sokoni. Lakini hili ni ziwa la eneo la kilomita za mraba karibu 68,800, na sehemu ya Kenya ni kama asilimia 6 tu. Zinazobaki ni za Tanzania na Uganda. Reli ilipofika hapa mwaka 1901, mahali hapa pakiitwa Port Florence, ilikuwa imetafuta maji haya tangu Mombasa. Bahari ya Galilaya, ambako Bwana wetu alitoka nyumbani akaketi kando ya maji, nayo ni ziwa la maji matamu, tena dogo: kilomita za mraba 166 hivi. Ghuba yetu ya Winam peke yake ni kubwa kuliko hiyo mara nyingi. Mwenyeji wa Kisumu ana zaidi ya kile walichokuwa nacho Petro na Andrea, naye hukaa ndani na mapazia yake.

Asubuhi pwani ya Dunga ni tulivu. Usiku upepo hutoka nchi kavu kuelekea majini. Jua likipanda, nchi hupata moto upesi kuliko maji, hewa yake hupaa, na ile ya baridi ya ziwani huja kushika nafasi yake. Kwa hiyo adhuhuri upepo huwa umegeuka. Katikati ya pepo hizo mbili kuna muda ambao ziwa halitikisiki, na mafunjo yamesimama wima kama watu walioambiwa waombe. Wavuvi wa omena waliokesha majini na taa zao wanarudi. Fundichuma, yule ndege mwenye kisogo kama nyundo, anatembea kati ya mashua kana kwamba ndiye mwenye pwani.

Mwalimu aliketi juu ya mashua iliyopinduliwa. Mama yule hakumhubiria. Alikwenda kupatana bei. Mwalimu anatuambia kwamba alimtazama mdiria, ndege mweusi na mweupe, akipiga mbawa hewani mahali pamoja, kisha akijitupa majini kama jiwe. Akatoka mtupu. Akapanda tena, akajitupa, mtupu tena. Mara nne alikosa. "Mara ya nne," asema, "nilisikia mtu anacheka, nikageuka kumtafuta. Nilikuwa mimi."

Hatusemi kwamba huzuni iliisha siku ile. Siku ya tatu alilia pale pale mbele ya wavuvi, na mmoja wao akamsogezea kigoda bila kusema neno. Siku nyingine hakutoka kabisa. Mama akaacha chapati mlangoni, akaenda zake. Ilikuwa Mei aliporudi kanisani, na hata leo kuna siku ambazo asema zina giza. Lakini alianza kulala usiku, kwa maana miguu iliyotembea huuita usingizi, na njaa ikarudi. Mapazia aliyafungua mwenyewe, kwa sababu alitaka kujua kama kumekucha ili mama asimkute bado hajavaa.

Kuna ndugu watakaosema, na barua zao twazijua kabla hazijafika, kwamba maombi yatosha, na matembezi ni anasa ya watu wenye nafasi. Twauliza kwa upole: yule malaika aliyeleta mkate, alipunguza maombi? Mungu aliyetuumba na roho ndiye aliyetupa magoti ya kupiga na nyayo za kukanyaga. Na matembezi haya hayana kiingilio. Sehemu kubwa ya ufuo wa mji imefungwa kwa nyua na majengo, hilo ni kweli na latuhuzunisha, lakini njia ya Dunga mtu huiendea kwa miguu yake.

Hata hivyo twendeni kwa akili. Usitoke kungali giza, wala usikawie jioni, kwa kuwa viboko hutoka majini usiku kula majani, na kiboko si mnyama wa kutazamwa kwa karibu. Usiingize miguu majini. Konokono wa kando ya ziwa hubeba kichocho. Jioni mbu ni wengi, na malaria ya huku haina mzaha. Tena, ziwa lina huzuni zake pia. Kuna majuma ambayo gugumaji, lililotusumbua sana tangu miaka ya 1990, hufunika ghuba mpaka usione maji, na mashua zikakwama. Na mwaka 2020 maji yalipanda kuliko yalivyowahi kupimwa, yakaingia katika nyumba za watu. Waliopoteza mali siku zile huenda wasipende kusikia ziwa likisifiwa asubuhi na mapema, nasi hatuwalaumu.

Kuna jambo jingine lisilongoja kesho. Elia aliomba afe. Kama uko nyumbani mwako mtu asemaye hivyo, au unasema hivyo wewe mwenyewe moyoni, usingoje matembezi yafanye kazi peke yake. Mwambie mtu leo, mfike hospitali. Si aibu, wala si upungufu wa wokovu. Twajua watu waliokosa msaada kwa sababu kanisa liliwaambia waombe tu, na hilo nalo twaliungama.

Na ninyi msiokaa Kisumu msiseme neno hili si lenu. Wa Naivasha na Nakuru wana maziwa yao. Wengine wana mto, au bwawa la kunyweshea ng'ombe. La kuangalia ni hili tu: Elia alimwacha mtumishi wake nyuma akaingia jangwani peke yake, na kabla habari ya sura ile haijaisha, Mungu alikuwa amempa Elisha.

Juma lililopita sisi wazee tulikwenda tena kwa Mwalimu, wote watano, kumwomba msamaha. Safari hii tulibeba mkate na maziwa. Tulikuta mapazia wazi na mlango umefungwa. Jirani akatuambia kwamba alitoka alfajiri, akagonga nyumba ya tatu, kwa kijana aliyeachishwa kazi mwezi uliopita, na alimsikia akisema, "Mwanangu, nisindikize." Hakujua watarudi saa ngapi. Tukaketi kibarazani, tukawangoja.