Kabla Hatujatia Sahihi: Maneno ya Waalimu kwa Kamati na kwa Wahitimu Waliorudi

(Hotuba iliyosomwa Gisenyi, Siku ya Wakimbizi Duniani)



Sisi waalimu tumeombwa tuseme neno juu ya barua iliyoletwa mbele ya Kamati. Barua yenyewe mnaijua. Vijana waliokwenda ng'ambo kwa programu za kubadilishana wanataka kuomba ruzuku ili waendeshe mradi kati yetu, na mwenye fedha anataka karatasi ya Kamati inayosema kwamba wakimbizi wameukubali mradi huo. Wako waliosema tutie sahihi upesi, maana fedha hazingoji mtu. Wako waliosema tusitie kabisa. Sisi tunasema itiwe, lakini kwanza tuelewane.

Tueleze fedha hizi ni za namna gani, kwa sababu wengi hapa wanazichanganya na msaada wa HCR. Mfano unaojulikana sana ni ule wa Marekani. Mwaka 2011 Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi hiyo ilianzisha mfuko kwa ajili ya watu waliopita katika programu zake za kubadilishana. Miongoni mwa programu hizo ni ule ufadhili wenye jina la Mandela, ambao mwaka 2014 uliwachukua vijana 500 wa kwanza wa Afrika, wa umri wa miaka 25 hadi 35, wakakaa wiki sita katika vyuo vikuu vya Marekani. Mhitimu aliporudi aliweza kuungana na wenzake, wakaandika mradi, wakaupitisha ubalozini, wakashindana na wahitimu wa nchi nyingine. Katika mashindano ya mwaka 2023 ruzuku ilikuwa kati ya dola 5,000 na dola 35,000. Kwa mama anayehesabu faranga za chakula cha mwezi, hizo ni fedha za kutisha.

Lakini sikilizeni masharti yake. Yalikataza kulipa mishahara. Yalikataza kujenga. Yalikataza kumlipia mtoto mmoja mmoja karo ya shule, na yalikataza kugawa huduma za moja kwa moja kwa watu. Sasa mzazi asikiapo "mradi wa dola 35,000", anaona nini katika mawazo yake? Anaona darasa jipya la matofali, mwalimu anayelipwa, na mwanawe aliyelipiwa sekondari. Vyote vitatu vimo katika makatazo! Kilichobaki ni mafunzo, semina, vitabu na vifaa vidogo. Vitu hivyo vina faida yake, ila sivyo mzazi anavyovingojea. Asipoambiwa mwanzoni, mwishoni atasema fedha zimeliwa, na kijana mwaminifu atapata jina la mwizi bure. Kwa hiyo tunaomba masharti yote ya ruzuku hii mpya yasomwe kwa sauti mbele ya wazazi, kwa Kiswahili na kwa Kinyarwanda, kabla mradi haujapewa hata jina.

Tena sisi ni watu wa kuhamishwa. Waliokuwa Mudende, hapa hapa karibu, baada ya mashambulizi ya Agosti na Desemba 1997 walipelekwa Gihembe, huko Byumba. Gihembe nayo ikafungwa mwaka 2021, na watu wakapelekwa Mahama. Waliovuka mpaka mwaka 2012 walipokelewa Nkamira, katika wilaya hii ya Rubavu, kisha wakahamishiwa Kigeme. Waliokuja tangu mwishoni mwa mwaka 2022 nao walipitia Nkamira, na wengi wakapandishwa mabasi kwenda Mahama. Mradi uliofungiwa katika chumba kimoja utamfuataje mtoto aliye ndani ya basi? Tuliwahi kuletewa kompyuta na watu ambao hatutawataja, maana hatukuja kushtaki. Mwaka wa mradi ulipokwisha waliondoka, ufunguo ukabaki mikononi mwa mtu asiyeonekana, na watoto wakawa wanachungulia dirishani. Mwalimu aliyefundishwa huhama na alichofundishwa. Kitabu kidogo huingia katika mfuko pamoja na sufuria.

Mmetuuliza tunataka mradi gani. Tunataka wa lugha. Watoto waliotoka Masisi, Rutshuru na Goma walisoma kwa Kifaransa na Kiswahili. Wakifika hapa wanakuta masomo kwa Kiingereza, kwa uamuzi wa Rwanda wa mwaka 2008. Mtoto aliyekuwa wa pili katika darasa la tano anarudishwa la tatu na kukaa nyuma. Kugawanya anajua sana. Asichokijua ni neno ambalo mwalimu hulitumia anapomwambia agawanye. Tumewaona wavulana wa miaka 14 wakiona haya kukaa na wadogo zao, wakaacha shule, wakaenda kubeba mizigo pale Petite Barrière. Kila mmoja wa hao alikuwa na daftari lenye alama nzuri alilolivukisha mpakani.

Nyinyi wahitimu mmerudi na Kiingereza. Anzeni na sisi waalimu. Tufundisheni, kisha tukae pamoja tuandike kitabu chembamba cha maneno ya hesabu na sayansi kwa Kiswahili, Kifaransa, Kinyarwanda na Kiingereza. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, hivyo mtu asituambie kwamba tunaleta mambo ya Kongo. Na kazi hiyo hata kwa masharti yale makali ingepita, kwa kuwa ni mafunzo na vifaa.

Liko na jambo la majina. Katika karatasi za miradi sisi huitwa "wanufaika", na wahitimu huitwa "viongozi". Ni kweli kwamba programu nyingi za ng'ambo humtaka mtu pasipoti, na mkimbizi huishia hapo. Lakini sisi pia tuna waliosoma. Tangu mwaka 1992 ufadhili wa DAFI, unaotolewa na Ujerumani pamoja na HCR, umewapeleka wakimbizi katika vyuo vikuu. Kiziba, Kepler ilifungua masomo ya digrii kambini mwaka 2015. Na jirani zetu wa Uganda wana Joseph Munyambanza, mkimbizi kutoka Kongo aliyekulia Kyangwali. Mwaka 2005 yeye na vijana wenzake walianzisha CIYOTA, chama cha kuwasomesha watoto wa kambi. Masomo yake ya Afrika Kusini na ya Marekani yalikuja baadaye. Angalieni mpangilio huo: kazi ilianzia kambini, kwa mikono ya wakimbizi, na msaada ulipokuja uliikuta imesimama. Tunataka basi wakimbizi wawili wakae na wahitimu siku ya kuandika mradi, majina yao yawemo, na hesabu ya fedha waione tangu faranga ya kwanza.

Kuhusu wanaosema tungojee ruzuku ndipo tuanze: tarehe 20 Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, na Julai mwaka huo USAID likafungwa. Hakuna mkimbizi aliyeulizwa. Ruzuku yenu, itoke nchi yoyote, yaweza kukatika vivyo hivyo.

Kwa hiyo sisi waalimu tumekwisha kupanga zamu. Jumamosi saa tatu asubuhi tunaanza na watoto wa darasa la nne, chini ya mti, kwa ubao mmoja na chaki tulizo nazo. Mhitimu anayetaka kuja, aje hata kabla ya jibu la fedha. Maneno 60 ya hesabu tumeshayaandika kwa mkono, na upande wa Kiingereza una nafasi tupu zinazowangoja.

Bwana Mwenyekiti, barua iko mezani kwako. Tunaomba chini yake yaongezwe yale tuliyotaja: masharti kusomwa mbele ya wazazi, wakimbizi wawili katika kuandika, na hesabu kuonyeshwa Kamati kila mwezi. Wahitimu wakikubali leo, kalamu hii hapa.