Mama Mjane na Shamba la Kando ya Tana

Hotuba ya Katibu wa Kwaya katika Jubilei ya Miaka 25





Kamati iliniomba niseme machache juu ya akina mama walioibeba kwaya hii kwa miaka 25. Katika daftari la mahudhurio nimeona kwamba wengi wao ni wajane, na wengi wa hao ni wakulima wa kando ya mto. Ndiyo maana nimechagua kusema habari za mama aliyefiwa na mume akaachiwa shamba na watoto.

Wengine watauliza, shamba na jubilei vinahusianaje? Vinahusiana sana. Tukisoma Walawi sura ya 25, tunaona kwamba jubilei ya kwanza ilihusu ardhi. Katika mwaka wa 50 baragumu lilipigwa, na jamaa iliyokuwa imepoteza urithi wake kwa sababu ya shida ikarudi kwenye shamba lake. Na mwaka wa 2025 ulikuwa Mwaka Mtakatifu kwa Kanisa lote. Baba Mtakatifu Fransisko aliufungua mkesha wa Krismasi ya 2024, akatuita Mahujaji wa Matumaini. Basi tuseme habari za matumaini yaliyolimwa kwa jembe.

Sisi wa Garissa tunajua kwamba hapa mtu halimi kwa kutegemea mawingu. Mvua ya mwaka mzima ni haba, na kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 misimu mitano ilipita mfululizo bila mvua ya maana. Kinachotulisha ni Mto Tana, mrefu kuliko mito yote ya Kenya, unaotoka Mlima Kenya na milima ya Nyandarua. Mkulima huweka pampu ukingoni, akavuta maji kwa mpira, akayapitisha kwenye mifereji mpaka kwenye migomba, miembe, nyanya, vitunguu na matikiti. Dizeli ikiisha, maji yamekwisha. Pampu ikiharibika siku nne za jua hili, nyanya zimekwenda.

Na mto huo huo unaotulisha hutuadhibu. Huko juu kuna mabwawa matano ya umeme: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Mvua kubwa ikinyesha milimani, mabwawa yakajaa na kufurika, maji hutufikia sisi huku chini hata kama mjini hakujaanguka tone. Tuliona Novemba 2023, tukaona tena Aprili na Mei 2024. Barabara ilikatika pale Kona Punda, tukawa tunavuka kwenda Madogo kwa boti, na ndugu zetu wengine hawakufika ng'ambo.

Hilo ndilo shamba ambalo mama yangu aliachiwa. Baba alifariki nikiwa darasa la tano, nyuma yangu wako wadogo wawili. Aliacha ekari mbili hivi ukingoni, pampu kuukuu, na deni la dizeli. Baada ya matanga walikuja watu wa ukoo wakamshauri mama auze, arudi kwao, kwa sababu shamba la mto si kazi ya mwanamke. Mama aliwasikiliza kwa heshima, akawapikia chai, kisha akawajibu, "Mtu hauzi sufuria wakati watoto hawajala." Hawakurudia neno hilo mbele yake.

Kazi yake ilikuwa hivi. Alfajiri alishuka mtoni na tochi, akapiga kelele na kurusha mawe majini kabla ya kukanyaga ukingo, kwa sababu ya mamba. Akatumbukiza mpira, akaiwasha pampu, kisha akasimama na jembe kufungua na kufunga mifereji mpaka jua likawa kali. Mchana alikata mathenge, mti ule wa miiba unaorudi kila ukigeuza kichwa. Jioni alifunga mikungu ya ndizi kwa ajili ya soko la Suuq Mugdi. Msimu wa viboko alilala shambani, moto umewashwa na debe la kupiga liko karibu. Ngamia na mbuzi wakipita kwenda kunywa maji, ilibidi asimame na wenye mifugo waelewane, maana na wao wana haki ya mto. Mama alijifunza Kisomali cha kutosha kuelewana bila ugomvi. Mama mmoja muuza maziwa, Mwislamu, ndiye aliyemkopesha pesa za dizeli mara nyingi kuliko sisi jamaa zake.

Broka akija na bei ya chini wakati maembe yamejaa kila mahali, mama aliuza tu, kwa sababu embe halimngoji mtu. Siku za kulipa karo tulijua kwa kuangalia migomba: mikungu mikubwa ikiondoka yote kwa siku moja, shule zinafunguliwa. Stashahada yangu ya ualimu ina jina langu, lakini aliyeilipia ni ndizi za mama.

Na Jumamosi saa tisa alikuwa mazoezini. Wazee wa kwaya wanakumbuka: Mama wa sauti ya pili, tope limekauka kwenye pindo la leso, anakunywa maji, anaimba.

Tarehe 1 Julai 2012, siku ya Jumapili, makanisa mawili ya mji huu yalishambuliwa watu wakiwa ibadani. Tarehe 2 Aprili 2015 tukapoteza watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa. Walimu wengi na wafanyakazi wengine waliondoka, na hakuna anayeweza kuwalaumu. Lakini mwalimu huomba uhamisho. Migomba haina uhamisho. Wajane wenye mashamba walibaki. Na tusisahau kwamba baada ya shambulio la 2012 viongozi wa Kiislamu wa hapa walijitokeza kusema vijana wao watasaidia kulinda makanisa. Kwaya hii iliendelea kuimba kwa sababu kulikuwa na mama waliobaki na majirani waliosimama nao.

Wapendwa, sasa nifikie neno langu. Kila tunapochangisha, tunakumbushwa yule mjane wa Injili ya Marko sura ya 12, aliyetia sarafu mbili ndogo hekaluni. Ni mfano mtakatifu. Lakini fungueni Biblia nyumbani muangalie mstari unaotangulia. Kabla tu ya kumsifu mjane yule, Bwana Yesu aliwakemea wale wanaosali sala ndefu huku wakila nyumba za wajane. Tunapenda sana habari ya sarafu, na mstari ule wa nyumba tunaupita haraka. Kumsifu mjane kwa kutoa ni rahisi. Kazi ni kuangalia anatoa kutoka wapi, na anabaki na nini.

Mimi ndiye ninayeshika daftari. Najua mama akikosa mazoezi mwezi mzima, mara nyingi si ugonjwa. Ni kwamba kumetangazwa sare mpya, au nauli ya safari ya kwenda kuimba parokia nyingine, naye ametoka kununua dizeli. Haji kulalamika. Anakaa tu viti vya nyuma Jumapili, anaimba kutoka hapo. Sauti ya pili inapungua, nasi tunamuuliza mwalimu wa kwaya wimbo umeharibikaje.

Kwa hiyo, pamoja na keki na fulana za leo, naomba jubilei hii ituachie mambo matatu.

La kwanza, mjane asidaiwe sare wala nauli. Wenye mishahara, nikiwemo mimi, tugawane gharama hiyo kimyakimya, bila kutangaza jina la mtu.

La pili, mara moja kila msimu kwaya nzima iende shambani kwa mama mmoja. Tuzibue mifereji, tukate mathenge, na mto ukianza kupanda tusaidie kuihamisha pampu mahali pa juu kabla maji hayajafika. Baada ya mafuriko ya 2024, mama yangu aliokoa pampu kwa sababu vijana wanne wa sauti ya nne walikuja usiku na mkokoteni. Migomba ilioza, lakini tope jipya lililoachwa na mto lilikuwa na rutuba, na kwa pampu ile alipanda matikiti mara maji yalipopungua. Vijana wale wanne walimwimbia wimbo mzuri kuliko wote tuliowahi kurekodi.

La tatu ni karatasi. Mashamba mengi ya kando ya mto hayana hatimiliki. Ushahidi ni wazee, mwembe na mfereji. Baba wenzetu, andikeni mipaka mbele ya mashahidi mkiwa hai. Na mama akifiwa, wanakwaya wanaojua kusoma na kuandika vizuri wafuatane naye: kuchukua cheti cha kifo, kupata barua ya chifu yenye majina ya warithi, kwenda mahakamani kufungua faili ya urithi. Katiba ya 2010, kifungu cha 60, inataka ubaguzi wa kijinsia katika sheria, mila na desturi za ardhi uondolewe. Sheria ipo, lakini mama hawezi kuacha mifereji wazi ili aende kupanga foleni peke yake.

Huko Bethlehemu, Ruthu mjane alipata masazo ya mavuno kwa sababu Boazi aliwaagiza watu wake waache masuke makusudi. Boazi hakumhubiria Ruthu habari za uvumilivu. Alizungumza na wavunaji wake. Nami leo nazungumza na wavunaji.

Akina mama wajane wa kwaya hii, asanteni. Mmetulisha, mmetusomesha, mmetuimbia. Leo tutawasifu kwa wimbo, na kuanzia Jumamosi ijayo tutakuja na majembe. Orodha ya kujiandikisha iko mezani kwangu, karibu na mlango.