MAELEZO KUHUSU KUBADILISHA NA KUSHUSHA SPRINGI ZA GARI NDOGO

Ndugu mafundi wa gereji, ndugu madereva, na nyinyi vijana mnaomiliki gari ndogo,

Nimepewa nafasi ya kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka laweza kudhaniwa kuwa ni la mapambo tu, nalo ni kubadilisha springi za gari na kuweka fupi zaidi ili gari ikae chini. Ieleweke tangu mwanzo kwamba sikuja kuwagombeza vijana. Mwenye gari ana haki ya kuipenda na kuipamba gari yake. Lakini gari hiyo hupita barabara ile ile wanayopita watoto wa skuli, na pengine jioni hubeba abiria. Kwa hivyo urefu wa springi zake si shauri la mwenyewe peke yake.

Nitatoa mfano wa Toyota Vitz ya toleo la kwanza, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1999, kwa kuwa ni gari inayojulikana sana kwetu. Mbele, springi imevikwa juu ya shokapu, vyote viwili vikawa mguu mmoja unaobeba uzito na kuliongoza gurudumu. Mtindo huo umepewa jina la mhandisi wa Marekani, Earle MacPherson, nao ulitumika katika Ford Consul na Ford Zephyr zilizotolewa Uingereza mwaka 1950, gari ambazo wazee miongoni mwetu watazikumbuka. Nyuma kuna boriti ya chuma inayounganisha magurudumu mawili, na springi zimekaa mbali na shokapu. Tofauti hiyo ina maana kubwa, kwani springi ya nyuma hutoka kwa urahisi, bali ile ya mbele yaweza kumuua fundi.

Naomba nisimame hapa kidogo. Hata gari ikiwa imeinuliwa na gurudumu linaning'inia, springi ya mbele bado imebanwa baina ya vikalio vyake, na kinachoizuia ni nati moja ya juu. Anayeilegeza nati ile kabla ya kuibana springi kwa vibanio vyake maalumu huirusha springi pamoja na kikalio usoni mwake. Vibanio viwe viwili, vikae pande mbili zinazoelekeana, na vikazwe kwa zamu, mizunguko michache huku na michache kule, mpaka springi icheze kwenye kikalio chake. Hapo ndipo nati ifunguliwe, na kichwa cha fundi kiwe pembeni. Kamba, waya na minyororo havifai kwa kazi hii. Wala gari isiachwe juu ya jeki peke yake. Iwekewe stendi madhubuti, na magurudumu yanayobaki chini yazuiwe.

Sasa nije kwenye ule mtindo wa kukata springi kwa gesi au kwa grenda. Robert Hooke wa Uingereza alieleza mwaka 1678 kwamba nguvu ya springi huongezeka kwa kadiri ile ile inavyovutwa au kubanwa. Kadhalika, ugumu wake hutegemea idadi ya mizunguko inayofanya kazi. Springi yenye mizunguko 5, ukiikata mmoja ikabaki na 4, ugumu wake huzidi kwa asilimia 25, na shokapu iliyokuwa imepimwa kwa springi ya zamani haiwezi tena kuituliza. Gari hurukaruka na tairi huachana na barabara. Moto wa gesi nao huharibu chuma, kwani chuma cha springi hutiwa moto na kupozwa kiwandani kwa kipimo, na ukikitia moto mwingine hulegea pahala pamoja na kuvunjika pahala pengine. Zaidi ya hayo, ncha iliyokatwa haikai sawa kwenye kikalio, na gurudumu likishuka shimoni springi fupi yaweza kuachia kabisa.

Springi fupi zilizotengenezwa kiwandani kwa kazi hiyo ni jambo jingine. Hizo hufanywa kwa waya uliopimwa (na unene wa waya ukizidi kwa asilimia 10 tu, ugumu huzidi kwa karibu asilimia 46), na hupimwa urefu ili zibaki zimeshikwa hata gurudumu likining'inia.

Hata hivyo, springi nzuri haiongezi nafasi iliyoondolewa. Tuchukue hesabu rahisi. Tuseme kila gurudumu la nyuma linahitaji kilo 20 ili gari ishuke sentimita 1, na kuna sentimita 9 kabla ya kugonga mpira wa kuzuia. Abiria watatu nyuma na mizigo yao ni kilo 240, yaani kilo 120 kila upande; gari itashuka sentimita 6 na kubakiwa na 3 za kupokea shimo. Ukiishusha gari sentimita 4 kwa springi za ugumu ule ule, zimebaki 5, na abiria wanahitaji 6. Gari imekalia mpira kabla haijaondoka. Ukiweka springi ngumu zaidi kwa robo, abiria watashusha sentimita 4.8, na akiba ni milimita 2. Kwa maoni yangu, gari inayobeba abiria isishushwe hata kidogo, na ya mtu binafsi isizidi sentimita 3.

Wapo pia wanaofanya kinyume, wakainua gari kwa vipande vya mpira juu ya springi. Hilo lina maradhi yake, nami sitalieleza leo.

Kwa wengi wenu, haja ya kweli si kushusha bali ni kuondoa springi zilizochoka. Hewa yetu ya chumvi hula rangi ya springi, kutu huingia, na mzunguko wa chini huvunjika bila ya dereva kujua. Ncha yake kali yaweza kuchana tairi. Pimeni kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, gari ikiwa tupu na pahala tambarare, kisha mlinganishe kulia na kushoto. Springi zibadilishwe mbili mbili, kamwe si moja. Nyuma, boriti isiachwe ikaning'inia kwa mpira wa breki. Bolti za bushi zikazwe mwisho gari ikiwa imesimama kwa magurudumu yake, la sivyo bushi hukaa zimejipinda na kuchanika mapema.

Gari iliyoshushwa hubadilika mwelekeo wa magurudumu na mwanga wa taa, hivyo alaimenti na taa zirekebishwe siku ile ile. Tairi ikilika upande wa ndani, alaimenti haijakaa. Baada ya kilomita 100 irudisheni gari gereji, nati zote zikaguliwe kwa spana ya kipimo na urefu upimwe tena, kwani springi mpya hukaa chini kidogo katika siku zake za mwanzo.