Makaburi ya Wazee Wetu, na Namna ya Kuyatafuta



Nimetakiwa niseme machache juu ya makaburi ya wazee wetu waliotutangulia katika imani, na jinsi mtu awezavyo kuyatafuta. Nitaanza kwa neno ambalo huenda likawaudhi wenye bidii miongoni mwetu: tafadhalini, msiyasafishe makaburi kwa ajili ya yubile kabla hayajaandikwa.

Kila sikukuu kubwa ikaribiapo, watu hutoka na majembe, mapanga na chokaa. Nyasi hufyekwa, moto huwashwa, mawe madogo hukusanywa pembeni, na jioni uwanja hupendeza kama ua uliofagiliwa. Walakini yale mawe madogo ndiyo yaliyokuwa alama. Wengi waliozikwa katika viwanja vyetu hawakuwa na fedha ya kuchongesha marumaru. Walizungushiwa mawe ya matumbawe, au kombe za pwani, ama walisimamishiwa msalaba wa mti ulioliwa na mchwa kabla ya masika matatu kupita. Jembe la siku moja laweza kuondoa yaliyoachwa na mvua za miaka mia.

Makaburi ya wakubwa hayahitaji kutafutwa. Askofu Edward Steere, aliyefariki mwezi wa Agosti mwaka 1882, amelala nyuma ya altare ya kanisa kuu la Mkunazini, alilolijenga mahali palipokuwa soko la watumwa hata mwaka 1873. Bibi Caroline Thackeray, aliyekuja Unguja mwaka 1877 akafundisha wasichana wa Mbweni miaka mingi, alifariki mwaka 1926, na kaburi lake liko Mbweni. Hata huko Mombasa, Rosine, mkewe Krapf, aliyefariki mwaka 1844, kaburi lake lajulikana ng'ambo ya kisiwa. Siwaonei kijicho, walistahili. Nasema tu ya kwamba pembeni mwa jiwe moja lenye maandishi kuna vilima vingi vya udongo visivyo na herufi hata moja, na humo ndimo walimo babu na bibi zetu.

Kumbukeni jinsi watu hawa walivyofika. Shamba la Mbweni lilinunuliwa na Misioni mwaka 1871, na baadaye mahuru, yaani watu waliotolewa katika majahazi ya watumwa na manowari za Kiingereza, wakapewa makao pale. Kanisa la Mtakatifu Yohana likawekwa wakfu mwaka 1882. Mahuru hao walitoka bara, kila mtu kwao, wala hawakuwa na jamaa wa kuwaonyesha watoto wao: hapa amelala babu yako, na hapa baba yake. Mtu wa ukoo mkubwa hujua makaburi kwa kupokezana maneno. Mtoto wa huru alianza upya, na kaburi la kwanza la ukoo wake ni lile lililochimbwa katika uwanja wa kanisa. Likipotea hilo, hana jingine nyuma yake.

Basi mtu ataanzia wapi? Ataanzia katika daftari za kanisa: ya ubatizo, ya ndoa, na ya maziko. Kwa desturi ya Kanisa la Kiingereza daftari ya maziko huandikwa jina la marehemu, makao yake, siku aliyozikwa, umri wake, na jina la padre aliyemzika. Yaonekana ni habari za kutosha, lakini kuna mitego. Umri ni wa kukisia. Mtoto aliyeibwa bara hakujua mwaka wake, na mwandishi alimtazama usoni akaandika. Kabila nalo, mahali lilipoandikwa, lisichukuliwe upesi. Neno Mnyasa liliwekwa juu ya watu wa makabila mengi yaliyotoka upande wa ziwa.

Mtego mkubwa ni jina. Wengi walifika na majina kama Mabruki, Farajallah na Baraka. Ni majina mema kwa maana yake, lakini mara nyingi yalitoka kwa bwana, si kwa mama. Juu yake wakaongezewa jina la ubatizo. Ndiyo sababu twasikia John Swedi, aliyepewa ushemasi mwaka 1879, na Cecil Majaliwa, aliyepewa upadre mwaka 1890, wa kwanza miongoni mwa Waafrika katika Misioni yetu. Kisha watoto wakachukua jina la ubatizo la baba yao kuwa jina lao la pili, na wajukuu vivyo hivyo. Basi mjukuu akitafuta katika daftari kwa jina la ukoo alitumialo leo, aweza kufungua kurasa zote asilione. Na ashuke ngazi kwa ngazi: ubatizo wake mwenyewe, ndoa ya wazazi, ubatizo wa baba, ndoa ya babu. Na asiwaache wasimamizi wa ubatizo, maana Baraka ni wengi, lakini Baraka aliyesimamiwa na mtu fulani katika mwaka fulani huwa ni mmoja.

Tena asiyeonekana katika daftari ya maziko si kwamba hakuzikwa. Kitabu cha Sala cha mwaka 1662 kimekataza ibada ya maziko isisomwe kwa mtu asiyebatizwa, wala kwa aliyetengwa na Kanisa, wala kwa aliyejiua. Watu wa namna hiyo walizikwa na jamaa zao, pengine pembezoni, na kalamu ya padre haikuwagusa. Mwanafunzi wa dini aliyekufa kwa ndui kabla ya siku yake ya ubatizo ni mzee wa mtu fulani aliyeketi hapa leo. Ndiyo maana nawasihi mtazame na kingo za uwanja, si katikati tu. Wengine nao walioa katika nyumba za Waislamu wakafuata dini ya jamaa wapya. Hao waulizwe katika makaburi ya mtaa, kwa adabu, na kwa ruhusa ya wenyewe.

Yako na mambo ya safari. Mwaka 1876 Askofu Steere alivuka kwenda Lindi pamoja na kundi la mahuru, akawaweka Masasi. Ukiona mtu amebatizwa na kuozwa Unguja, kisha jina lake likakoma, huenda kaburi lake liko kusini. Lakini huko nako mambo hayakutulia. Mwaka 1882 Wamagwangwara waliushambulia mji ule, wakaua watu, wakachukua mateka, na waliosalia wakatawanyika, wengine wakaelekea Newala. Mwaka 1905, katika vita ya Maji Maji, kituo kiliteketezwa tena. Basi mtu asishangae akikuta daftari zimekatika. Hapo atafute katika magazeti. *Msimulizi*, lililopigwa chapa Kiungani tangu mwaka 1888, lilileta barua kutoka vituo vya bara, na humo habari za wagonjwa na waliofariki. Karatasi nyingi za Misioni zimehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa za Zanzibar, pale Kilimani, na nyingine katika maktaba ya Bodleian, Oxford.

Wako na wale ambao kutafuta kaburi lao ni kazi bure. Katika vita ya mwaka 1914 hata 1918, watu wetu walichukuliwa kuwa wapagazi. Askofu Frank Weston mwenyewe aliongoza kikosi cha wapagazi wa Unguja mwaka 1916. Maelfu kwa maelfu ya wapagazi wa Afrika ya Mashariki walikufa kwa homa, kuhara na uchovu, wakafukiwa kando ya njia. Tume ya makaburi ya vita ilichonga majina ya askari Wazungu, na wapagazi wengi haikuwaandika po pote. Jambo hilo Tume ilikiri mwaka 2021 ikaomba radhi. Kwa hao andikeni majina kutoka daftari za ubatizo, na simulizi za nyumbani, na mwaka walioondoka.

Sasa tufike uwanjani. Nendeni asubuhi na mapema, au jua linapotua, kwa kuwa nuru ya ubavuni huonyesha herufi zilizofutika ambazo saa sita hazionekani. Jiwe lioshwe kwa maji matupu na brashi laini. Msitumie brashi ya chuma wala sabuni kali, na chokaa isipakwe juu ya maandishi. Nimeona kaburi lililopakwa kila Krismasi hata likawa jeupe kabisa, na jina lake halijulikani tena.

Msidanganyike na mwelekeo wa kilima. Mkristo kwa desturi ya kale hulazwa kichwa magharibi na miguu mashariki. Mwislamu wa pwani yetu huelekezwa Kibla, nacho kwetu ni upande wa kaskazini. Amelala ubavu wa kuume, basi kichwa chake huwa mashariki. Urefu wa makaburi hayo mawili ni mmoja. Atakayehukumu kwa kutazama kilima tu atakosea, hasa mahali ambapo viwanja viwili vimepakana.

Pimeni kila kaburi kutoka pembe moja ya kanisa, mlipe namba, mpige picha kwa simu, na kuandika mlichokiona, hata kama ni mawe manne na mti mmoja. Mti msiukate, pengine aliupanda mjane.

Kisha leteni wazee. Wako akina bibi katika parokia zetu wasioweza kusoma daftari, lakini wakisimamishwa mahali penyewe hukumbuka nani alitangulia na nani alifuata, na mvua ilinyesha siku gani. Wabebeni kwa kiti ikiwa miguu haiwezi. Lakini waleteni wakati mawe yangali mahali pake, maana uwanja ukisha sawazishwa hata wao hawautambui. Majembe na yangoje mpaka bibi wa mwisho amerudishwa nyumbani kwake.