Mzigo Kwanza, Treni Baadaye: Nasaha kwa Wasafiri wa Kwamsisi

Kabla ya kuuliza treni ipi ni bora, tunawaomba muupime mzigo. Treni ya reli ya zamani, iliyorudi kubeba abiria hadi Moshi Desemba 2019 na kufika Arusha Oktoba 2020, hupita Korogwe. Haiendi kila siku. Ulizeni kituoni siku na saa kabla ya kufunga magunia. Mzigo mkubwa hupimwa, hulipiwa na kuwekwa katika behewa la mizigo. Daini stakabadhi inayoonyesha uzito na idadi, kwani pasipo hiyo dai la gunia lililopotea hukosa ushahidi.

Afikaye Dar es Salaam akielekea Morogoro anayo pia reli ya kisasa, iliyoanza kutoa huduma Juni 2024. Humo kuna treni ya haraka na ya kawaida. Ya haraka hupita vituo vidogo bila kusimama. Anayeshukia Ngerengere achague ya kawaida. Mizigo hukaguliwa kabla ya kupanda, na uzito una kikomo. Fikeni mapema, mkiwa na tiketi na kitambulisho.

Nauli ndogo si lazima iwe safari nafuu. Jumlisheni bodaboda, mpagazi na malipo ya mzigo, ndipo mlinganishe.

Msipotendewa haki, anzeni kulalamika kwa mtoa huduma. Asipowasikiliza, fikeni LATRA. Tunawasihi mtunze kila stakabadhi hadi mzigo ufike nyumbani.