Shule zetu: tusome hesabu kabla ya kulaumu
Ndugu wanachama, kwa mliokosa kikao, tulisema haya.

Januari 2016 elimu ilianza kuwa bila ada hadi kidato cha nne. Ruzuku ya shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka. Gawanya kwa 12: haifiki 850 kwa mwezi. Kiwango ni kimoja kila shule. Kinachozitofautisha ni mifuko ya wazazi: uji, kuchapa mitihani ya majaribio, mwalimu wa kujitolea. Mama anayepanga nyanya Kilombero hawezi kuchangia sawa na mwenye duka mjini. (NECTA iliacha kutangaza shule bora Januari 2023, ila vijiweni bado tunazipanga!)

Wenye watoto, nendeni mkutano wa wazazi, muombe taarifa ya mapato na matumizi. Tukijua pengo ni shilingi ngapi, tutalipeleka kwa diwani.

Katibu wa Tawi, Sokon I